Karo ya Kikapu

Neema, binti yangu, umeniomba niandike miaka yangu ya kazi muiweke kwenye blogu ya biro, ofisi yetu hii, vijana wasome. Nimekubali. Lakini juzi umenionyesha ukurasa wenyewe, na nyuma ya maneno ambayo hata sijaandika umekwisha kutandaza ile karo ya kikapu, kigae kile kinachojirudia kioo kizima, na chini yake kwa herufi ndogo umeandika: "Kazi ya Mama Karo." Nilitabasamu kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Jina hilo la chini ndilo linaloniandikisha haya. Soma mpaka mwisho kabla hujautoa ukurasa.

Mimi ni Nsimire, mtoto wa kijiji cha Kiringye. Nilifika mjini Uvira na cheti cha kupiga mashini, viatu vya dada yangu, na kikapu chenye kifuniko ambacho mama alikisuka kwa ajili ya safari. Kikapu hicho nilikuwa naja nacho kazini kila siku, ugali wa muhogo na mboga ya sombe ndani, na nilikiweka chini ya meza, karibu na mguu wa kushoto. Kikumbukeni. Mimi nilikisahau, na ndiyo shida yenyewe.

Biro ilikuwa chumba kimoja karibu na soko: ordinatere mbili, yaani kompyuta, zenye vioo vizito kama mawe, skana moja, fotokopi moja na jenereta iliyokuwa inakohoa uani. Mwenye biro alikuwa Shefu Deo. Kabla ya kufungua biro alikuwa fundi wa kutandika karo sakafuni katika nyumba za wenye nazo, na vidole vyake vilibaki na nyufa za simenti mpaka alipofariki. Siku yangu ya kwanza nilipiga tangazo la kijana mmoja aliyepoteza diplome yake, na nikakosea jina lake mara mbili. Shefu Deo alisoma, akanirudishia karatasi.

"Muntu amepoteza diplome," akasema, "na weye unamupotezea na jina?"

Nilidhani amenifukuza. Alikuwa ananifundisha. Kwake vitu hivyo vilifanana sana.

Miaka ya barua na matangazo nitairuka, haina hadithi. Halafu intaneti ikafika, na blogu nyuma yake. Kila muntu mjini alitaka blogu: kwaya, timu ya mpira, wauza vitambaa, vijana walioko Ulaya waliotaka kuonyesha wenzao kwamba nyumbani kuna ziwa. Ukurasa ulikuwa unakuja mweupe, na mteja wa Uvira haukubali. "Hii nyumba haijapakwa rangi?" walikuwa wanauliza. Basi unataka kuweka picha ya ziwa nyuma ya maneno. Lakini intaneti ya wakati ule ilikuwa inatambaa. Ndugu wa Ulaya angeweza kuchemsha chai, akanywa, akaosha kikombe, na bado angekuwa anaona nusu ya mlima.

Shefu Deo ndiye aliyetuonyesha njia. Badala ya picha moja kubwa, unatengeneza mraba mdogo, mwepesi, na mashini yenyewe inaurudia upande kwa upande, juu na chini, mpaka kioo chote kijae. "Ni karo tu," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana furaha na ordinatere. Ugumu uko kwenye ukingo. Upande wa kulia wa karo lazima ukubaliane na upande wa kushoto wa ile inayofuata, na wa juu na wa chini vilevile. Usipokubaliana, mushono unaonekana, na ukurasa wote unageuka madirisha ya gereza.

Alinifundisha kwa makasi. Alichora majani kwenye karatasi ya mraba, akaikata vipande vinne, kisha akabadilisha pembe: ya juu kulia ikaenda chini kushoto, ya juu kushoto ikaenda chini kulia. Sasa kingo zote za nje zilikuwa zimekutana katikati, zimefanya msalaba mbaya wa majani yaliyokatwa. "Hapo ndipo unatengeneza," akasema. "Ziba musalaba. Inje usiguse tena." Nyinyi leo mna kitufe kinachofanya hivyo kabla hujapiga chafya. Mimi nilikata karatasi mpaka kidole cha gumba kikaota sugu.

Nilijifunza mengine kwa aibu. Usitandaze kitu chenye sura: palikuwa na mchungaji aliyelazimisha picha yake mwenyewe iwe karo, nikamwambia, akakataa, na siku ya kufungua ukurasa waumini wakakuta wachungaji arobaini wanawakodolea macho. Usitandaze ndagala, dagaa wetu wa ziwa, waliovuliwa wakaanikwa mpaka umemtoa yule mmoja aliyepinda mkia, kwa sababu jicho litamkamata yeye, na litamwona tena na tena mpaka mteja aanze kumhesabu. Na rangi uipoze mpaka ifanane na kitenge kilichofuliwa mara nyingi, la sivyo maneno hayasomeki. Haya yote niliyajua. Nilikuwa peke yangu niliyeyajua, kutoka Kavimvira mpaka bandarini, na nilitembea barabarani kama mtu anayeyajua.

Halafu Zuhura akaja.

Alikuwa binti wa duka la vitenge la karibu na msikiti, familia ya wafanyabiashara ambao babu wa babu zao walikuja na biashara ya ziwa wakabaki. Nilikuwa nimemzidi miaka kama kumi. Alikuwa amekua akikunja vitambaa tangu mikono yake ilipoweza kukunja. Siku ya kwanza alisimama nyuma ya kiti changu, ametulia, kilemba chake cha kijani kimefungwa vizuri kuliko changu, akaangalia karo niliyoihangaikia tangu juma lililopita.

"Yaya," akaniita kwa upole, kama dada yake mkubwa, "hapa mushono iko naonekana."

Nikamwambia haionekani. Akanyoosha kidole. Nikatazama. Loo! Ulikuwa pale, mwembamba, kutoka juu mpaka chini, na tangu alipouonyesha sikuweza tena kutouona. Shefu Deo alikuja, akatazama, akacheka kwa furaha. "Huyu mutoto iko na jicho," akasema. Mimi alikuwa amenifundisha miaka sita, na hakuwahi kuniambia nina jicho. Aliniambia nina bidii.

Sasa niseme waziwazi, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa: nilimwonea wivu tangu saa ile, na ulikuwa wivu mbaya, wa kunifanya nikosee herufi nikisikia viatu vyake mlangoni. Yeye hakukata karatasi. Alikuwa anatazama kitu, anachora, na kingo zinakubaliana zenyewe, kana kwamba zilikuwa zinamngoja. Mimi nilikuwa namaliza karo moja kwa siku tatu, yeye asubuhi moja, na mchana anauliza kama nina kazi anisaidie. Angekuwa na kiburi ningepona. Ningemsema kwa watu, tungecheka, ningepoa. Lakini alikuwa ananiita yaya, ananiletea chapati za mama yake zimefungwa kwenye gazeti, na chapati zilikuwa tamu. Hata hilo lilinikera.

Nikaanza kumficha. Nilikigeuza kioo changu kikatazama ukuta. Akija, nafunga ukurasa. Akiuliza, "Yaya uko nafanya nini?", namjibu, "Kazi." Ndivyo nilivyojichimbia shimo.

Mwaka wa pili wa Zuhura, alikuja Mama Vumilia, mwanamke wa hapa mjini, mkubwa wa familia yake. Mtoto wa kaka yake alikuwa anaoa msichana wa Rurambo, huko milimani, wa familia ya wafugaji wa ng'ombe, na ndugu wengi wa pande zote mbili walikuwa mbali. Alitaka blogu ya harusi: picha, ratiba, majina ya wazazi, na nyuma ya maneno kitu kizuri, "kitu yenye heshima." Mahari yalikuwa yapelekwe Jumamosi, na watu wa Rurambo walikuwa wanangojea anwani ya ukurasa. Shefu Deo alimtazama Zuhura. Nikasimama kabla hajafungua mdomo. "Minye nitafanya," nikasema. Shefu akakubali.

Nilikwenda sokoni nikanunua kipande cha kitenge kilichobaki, rangi ya zambarau na majani meupe, kizuri mpaka nilitaka kukishona mwenyewe. Nikakiweka kwenye skana. Nikakata, nikabadilisha pembe, nikaziba msalaba siku nne, kioo kikitazama ukuta. Zuhura alipita mara mbili na chai. Mara mbili nilifunika kitambaa kwa kiwiko. Na niwaambieni, mushono haukuonekana! Nilimaliza kazi safi, safi kabisa, peke yangu.

Alhamisi asubuhi Mama Vumilia alikuja na kaka zake wawili. Zuhura alikuwa ametumwa kuchukua wino. Niligeuza kioo kwa fahari. Walitazama. Kaka mmoja alivua kofia yake. Nikafikiri wameguswa na uzuri.

"Hii ni kitambaa ya kilio ya baba," akasema Mama Vumilia.

Mnajua desturi yetu: familia ikifiwa, inachagua kitambaa kimoja, wote wanashona, wote wanavaa siku ya kumaliza kilio, na baadaye kila aliyekuwapo akikiona anajua ni cha nani, na mimi kilio hicho sikuhudhuria. Nami nilikuwa nimetandaza kitambaa cha kumlilia marehemu baba yao chini ya majina ya maharusi, kutoka pembe hadi pembe, bila mushono. Familia yote ilikuwa imenunua vipande vyake kwenye duka moja. Mnaweza kukisia duka la nani. Zuhura mwenyewe ndiye aliyewapimia. Angekitupia jicho moja tu, angeniambia.

Mama Vumilia hakupiga kelele, na heri angepiga. "Deo," akasema, "nitarudia saa nane. Kama hakuna kitu, nitaenda kwa wengine. Na batu ba Rurambo bakisikia, nitabaambia nini?" Wakatoka. Shefu Deo alibaki anazitazama nyufa za vidole vyake.

"Nsimire," akasema, "hii ikishindikana, weye utarudia ku barua. Karo zote zitakuwa za Zuhura."

Nilikwenda uani nikakaa karibu na jenereta ili kilio changu kisisikike. Barua! Matangazo ya diplome zilizopotea mpaka kufa! Na yeye kwenye kiti changu, na chapati zake. Hapo ndipo aliponikuta, boksi la wino mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia yote, hata kiwiko nilimwambia. Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu.

"Kikapo yako iko wapi, yaya?"

Nilidhani ananiambia nile. Alikwenda mwenyewe, akaingia chini ya meza yangu, akakitoa. Akatoa ugali wangu, akauweka juu ya sahani kwa adabu, akapangusa kifuniko kwa upindo wa nguo yake. Kisha akakilaza kifuniko kifudifudi juu ya skana, akakifunika na daftari kubwa mwanga usiingie.

Kilipotokea kwenye kioo, sikukitambua. Mistari ya mama yangu, myeusi na ya rangi ya nyasi, inapanda na kushuka, kila mmoja unapita chini ya mwenzake na kutokea tena. Miaka minane kilikuwa kimekaa karibu na mguu wangu. Nilikuwa nakigusa kila mchana nikiwa na njaa. Yeye alikuwa anapita na chai, na amekwisha kukiona.

Alichora kwa saa tatu, ananisimulia bila kugeuka. "Harusi ya kwetu bote, ya huku na ya milimani, vitu vinabebwa mu kikapo. Hakuna mutu anazikwa na kikapo." Ususi wa kifuniko unazunguka, karo ni mraba, mimi ningekwama hapo hata leo. Yeye aliunyoosha mstari mmoja mmoja mpaka ukakubali kuwa mraba, na haukuacha kuwa kikapu cha mama. Kisha akapoza rangi. Kisha akatandaza. Nikatafuta mushono. Nilitafuta kwa nia mbaya, jamani, kwa macho yangu yote. Haukuwepo.

Mama Vumilia aliporudi, alikigusa kioo kwa vidole. "Yoo!" akasema. "Hii sasa njo harusi yenyewe." Alicheka, akamkumbatia kaka yake. Shefu Deo akatutazama sisi wawili.

"Nani amefanya?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka niliufungua.

"Ni yaya," akasema Zuhura. "Kikapo ni yake."

Nikaufunga. Shefu Deo akaja akaweka mkono wake wenye nyufa juu ya bega langu, na hatimaye akaniambia neno lile nililolingojea. "Kumbe na weye uko na jicho." Nami nikasema, "Aksanti, Shefu." Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Zuhura alikuwa tayari anakunja waya wa skana.

Mengine mnayajua. Harusi ilipendeza, watu wa Rurambo waliusifu ukurasa, na kila mtu akaitaka karo ile: kwaya, mashirika, mpaka duka la simu. Jina Mama Karo lilitoka hapo. Wenye pikipiki barabarani walianza kuniita hivyo, na nilikuwa nageuka. Mngedhani wivu ulikwisha. Uliongezeka. Zamani nilimwonea wivu kwa alichokuwa nacho, sasa nilimwonea kwa alichonipa. Alipokosea kidogo nilimrekebisha mbele ya wateja. Alisema, "Ndiyo, yaya." Sikuwahi kumshukuru, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kukiri.

Alikaa nasi miaka mitatu zaidi. Kisha akaolewa ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, na kufungua biro yake. Siku ya kumuaga tulikunywa Fanta, Shefu Deo akaniambia mimi kama mkubwa niseme neno. Zuhura alinitazama. Hakuwa ananidai, alikuwa ananitazama tu, anatabasamu, chupa mkononi. Nafasi ilikuwa pale, nyeupe, pana. Nikamwusia awe na bidii. Bidii! Mimi, kumwambia yeye! Akasema, "Aksanti, yaya," na akanibusu mashavu yote mawili.

Shefu Deo alifariki akiamini karo ile ni yangu. Hilo ndilo siwezi tena kulirekebisha.

Mwezi uliopita, nilipoacha kazi kwa sababu ya macho, Zuhura aliniandikia kwenye simu. Ana wajukuu sasa, na vijana wanane wanafanya kazi chini yake. Aliandika: "Pole na kazi yaya. Juzi nimeona karo yako ku ukurasa wa mutu. Bado iko muzuri sana." Karo yako! Nilisoma nikaweka simu chini. Nikaichukua, nikasoma tena. Miaka yote hii hakuwahi kuihesabu kuwa yake, hata moyoni mwake. Nitashindana vipi na mtu kama huyo? Sijamjibu. Jibu langu ndilo hili, na utampelekea wewe, Neema, kwa sababu kidole changu kinakataa.

Basi, futa jina langu chini ya karo. Andika jina la Zuhura, herufi kubwa, usiandike "kwa msaada wa", usiandike "pamoja na". Mimi niandikie karo ya mchungaji, ile ilikuwa yangu kabisa. Na vijana wakikuuliza kwa nini Mama Karo hakutengeneza ile karo, waambie wasome.

Msidhani nimepona. Leo asubuhi niliifungua karo ile kwa ukubwa wote ambao macho yangu yanaweza, nikatafuta mushono mara moja ya mwisho. Halafu nikachukua kikapu, ni kilekile, kifuniko kimelegea upande mmoja. Kipo hapa karibu na mguu wa kushoto. Nimekitazama mpaka chai imepoa, nakigeuza huku na huku, nikitaka kuona alichoona yeye.

Naona kikapu.